Maswali kwa Fundi: Mngurumo Unaokuja Magharibi

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Ujiji. Tuna amplifaya ndogo ya volti 12 tunayoitumia kwa adapta nzito ya zamani iliyoandikwa 12V 1A. Nilipoipima kwa mita kabla ya kuiunga na amplifaya, ilisoma 17.2. Niliogopa itaunguza, nikampa fundi kijana wa jirani, akaweka katikati regyuleta ya 7812, kile kifaa kidogo cha kushikilia volti kwenye 12. Mchana sauti ni safi kabisa. Ikifika magharibi spika inaanza kunguruma hadi kisomo cha watoto hakisikiki vizuri. Amebadilisha 7812 nyingine, hali ni ile ile. Je, madukani wanatuuzia regyuleta feki?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Barua yako ina karibu kila nilichohitaji: adapta ni nzito, mita ilisoma 17.2, na mngurumo una saa yake. Regyuleta zako zote mbili naamini ni nzima. Kinachopungua ni umeme unaoziingia.

Hiyo 17.2 isikutishe. Ndani ya adapta nzito mna transfoma inayoshusha volti 230 za ukutani hadi kama 12, lakini huo bado ni umeme wa AC, yaani unaogeuka upande mara kwa mara, na hizo 12 si kilele chake. Kilele ni mara 1.41 ya namba iliyoandikwa. Dayodi nne zinaugeuza kuwa wa upande mmoja, yaani DC, kisha kapasita, kifaa kinachotunza chaji, inajaa hadi kwenye kilele hicho. Tena transfoma isiyo na mzigo hutoa zaidi kidogo ya ilivyoandikiwa, tuseme 13. Zidisha kwa 1.41 upate kama 18.4, ondoa 1.4 hivi inayoliwa na dayodi mbili zinazopitisha kwa wakati mmoja, inabaki 17. Ndiyo uliyoiona. Ukiipa mzigo wake wa ampea 1, inashuka kuelekea 12.

Mngurumo nao unatoka kwenye kapasita. Umeme wetu ni hezi 50, na dayodi nne zinatumia pande zote mbili za wimbi, kwa hiyo kapasita inajazwa mara 100 kwa sekunde. Kati ya kujazwa na kujazwa, ni kapasita peke yake inayoilisha amplifaya, na volti zinashuka. Kiasi cha kushuka kinakokotolewa hivi: ampea gawanya kwa 100, kisha gawanya kwa ukubwa wa kapasita kwa faradi. Amplifaya ikila nusu ampea na kapasita ikiwa ya mikrofaradi 2,200, yaani faradi 0.0022, kila mara zinashuka kama volti 2.3. Shimo hilo linalorudi mara 100 kwa sekunde likifika kwenye spika, ndiyo hiyo sauti nzito mnayoisikia.

Kazi ya 7812 ni kulifuta shimo hilo. Ndani yake mna volti ndogo ya kulinganishia isiyoyumba, sehemu inayolinganisha volti hiyo na sehemu ya kile kinachotoka, na transista kubwa iliyokaa njiani kati ya kuingia na kutoka. Kinachotoka kikitaka kuzidi 12, transista inabana. Kikitaka kupungua, inafungua. Ni kama mtu aliyeshika koki huku macho yake yako kwenye alama ya ndoo. Lakini koki haiongezi maji ya tangi. Regyuleta ya aina hii inapunguza tu, na ili iweze kubana na kufungua inahitaji nafasi ya volti 2 hivi. Kwa hiyo mlangoni pa 7812 volti zisishuke chini ya 14 hata kwa nukta moja ya sekunde.

Sasa twende kwenye hesabu ya kwako. Mchana, ukutani kuna 230. Amplifaya ikiwa inafanya kazi, tuseme kilele ni 16.5, na chini ya shimo ni 14.2. Inapita, ingawa kwa kubana sana. Jioni watu wanawasha taa, pasi na friji, na hapa karakana kwangu Mwanga, mjini Kigoma, nimeshaona mita ikishuka hadi 190 saa hizo. Kila kitu kinashuka kwa uwiano huo: kilele kinakuwa kama 13.4, chini ya shimo ni kama 11.1. Hapo 7812 imefungua mpaka mwisho na haina tena cha kusawazisha, kwa hiyo mashimo yanapita moja kwa moja hadi kwenye spika. Mngefunga regyuleta kumi, jibu lingekuwa hilo hilo. Naumia kila ninapoona regyuleta nzima ikitupwa kwa kosa la transfoma, na pesa ya madrasa ikienda nayo.

Usikubali neno langu hivi hivi. Mwambie kijana apime saa ya ugonjwa, yaani magharibi, amplifaya ikiwa inaimba, volti za mlangoni mwa 7812. Lakini mita kwenye DC inaonyesha wastani tu, mashimo haiyaoni. Ikisoma chini ya 15 hivi, ajue kuna mashimo yanayogusa 14.

Wengi watakushauri uongeze kapasita kubwa. Kwako haitoshi, maana inaziba shimo lakini hainyanyui kilele, na kilele chenyewe cha 13.4 kiko chini ya 14. Mkitaka kubaki na transfoma, tafuteni ya volti 15 ya AC badala ya 12. Hata ukuta ukishuka hadi 190, chini ya shimo mtabaki na karibu 14.8. Malipo yake ni joto. Mchana volti kama 8 za ziada zitageuzwa joto ndani ya regyuleta. Zidisha kwa nusu ampea, ni wati 4. Bila kipande cha alumini cha kupoozea itachemka na kujizima, kwa kuwa 7812 ina kinga hiyo ndani yake. Ifungwe kwa skrubu, na kapasita ndogo ya kuingilia na ya kutokea zikae karibu na miguu yake.

Mimi ningenunua adapta nyepesi ya kisasa, 12V 2A, iliyoandikwa INPUT 100-240V, na 7812 ningeiondoa. Adapta hiyo hukata umeme vipande maelfu kwa maelfu kwa sekunde na kubadili urefu wa kila kipande kulingana na kinachotoka, kwa hiyo 190 ya jioni haiisumbui. Msiifungue tu ikiwa imechomekwa: kapasita yake kubwa ina zaidi ya volti 300 za DC, na hata ukichomoa hubaki na chaji kwa muda.

SWALI: Habari za kazi, fundi. Ni mvuvi wa dagaa, Kibirizi. Taa zangu za LED za volti 12 ziwani zinadumu, ila za aina hiyo hiyo nilizofunga nyumbani kwenye betri inayochajiwa zinaungua haraka. Wenzangu wanasema niweke 7812 kote. Ni sawa?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Si sawa. Betri inapochajiwa hufika volti 14.4. Taa nyingi za aina hiyo ni LED tatu mfululizo zinazokula kama 9.6, na rezista, kipande kinachozuia mkondo usizidi, inabeba volti zilizobaki. Kwenye 12 inabeba 2.4, kwenye 14.4 inabeba 4.8, basi mkondo unakaribia kuwa maradufu. Ndiyo maana zinaungua. Ukiweka 7812, nyumbani itasaidia wakati wa kuchaji, lakini ziwani betri ya 12.4 itatoa chini ya 11 na taa zitafifia. Nunua draiva ya LED inayopandisha na kushusha volti, yenye mkondo uliopangwa kulingana na taa zako, uifunge kwenye taa za nyumbani. Za mtumbwini ziache zilivyo, ila weka fyuzi karibu kabisa na nguzo chanya ya betri.