Krismasi bila hela: chagua kona moja, uipambe hasa

Juzi nimepata ujumbe wa dada mmoja anayesoma makala zangu. "Dada, mwaka huu mambo yamebana. Watoto wanaulizia mti kila siku, na mimi kila nikipiga hesabu naona hata taa hazitapatikana. Nifanyeje?" Nilimjibu kwa kifupi, lakini jibu lenyewe halikuniridhisha. Swali lake nalijua kuliko anavyodhani. Kwa hiyo leo naandika kwa urefu, kwa ajili yake na kwa wengine mnaopita palepale bila kumwambia mtu.

Mwaka nilioachishwa kazi tulihamia nyumba ndogo, na Desemba ikatukuta hatuna kitu. Kuna ndugu wa karibu alikuja kutusalimu. Akaingia sebuleni, akazungusha macho ukutani, akasema mbele ya wanangu: "Humu wala haionekani kama ni Krismasi." Kisha akaketi, akaendelea na mazungumzo mengine. Mwanangu mkubwa alinitazama usoni kuona nitasema nini. Sikusema kitu. Miaka imepita na neno lile bado linanichoma, sitawaficha. Lakini kesho yake asubuhi niliwaambia watoto: leo tunapamba.

Tukakusanya vilivyokuwamo ndani. Maboksi ya kuhamia, madaftari yaliyoandikwa yakaisha, mkasi, uzi wa kushonea, shuka jekundu lililochanika pembeni, chupa za kioo. Gundi tukapika wenyewe: unga kidogo, maji, moto mdogo, unakoroga mpaka inakuwa nzito na kung'aa. Inashika karatasi vizuri kabisa, ila usiipike nyingi, haikai siku nyingi kabla ya kuchacha.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi ambao mpaka leo naufuata, na ambao ndio ushauri wangu mkubwa kuliko wote: kona moja. Mapambo machache yakitawanywa nyumba nzima, kila chumba kinaonekana kimepungukiwa. Yakusanye yote mahali pamoja na jicho halitatafuta kwingine. Sisi tulichagua kona inayotazamana na mlango, ili anayeingia aanze nayo. Tukaondoa kila kitu kilichokuwa pale, tukafua pazia, tukafuta ukuta. Usafi wa kona hiyo ulifanya nusu ya kazi, na haukuhitaji hata senti.

Shuka tukalikunja upande uliochanika ukawa ndani, likafunika meza. Matawi ya kijani tuliomba kwa jirani aliyekuwa anapunguza ua wake. Ukiyapata, kata ncha za chini kwa mshazari na uyasimamishe kwenye maji. Yatakaa mabichi muda mrefu zaidi. Usikate mti wa mtu bila ruhusa, tafadhali.

Nyota zilikuwa kazi ya watoto. Chukua karatasi ya mraba, ikunje katikati kwa urefu, kisha kwa upana, halafu kona kwa kona pande zote mbili. Ikunjue. Sasa kata kwenye ile mikunjo minne inayotoka katikati ya kila ukingo, lakini ishia nusu ya njia kuelekea kitovu. Kila kona itakuwa na mabawa mawili. Yakunje yakutane na yapandane kidogo, gundisha, upate ncha. Tengeneza nyingine kama hiyo, zibandike mgongo kwa mgongo, ncha za moja zikikaa kati ya ncha za nyingine, na una nyota ya ncha nane yenye mwili, inayozunguka ikining'inizwa kwa uzi. Tulitumia karatasi zenye maandishi ya hesabu na bado zilipendeza. Mwanangu mdogo alitengeneza nyingi hata zikabaki, na alizipanga kwa makini kuliko nilivyowahi kumwona akipanga kitu chochote.

Mti hatukuwa nao, na nawaambia wazi, msinyimwe usingizi na mti. Wakristo walisherehekea Noeli karne nyingi bila mti ndani ya nyumba. Hata Uingereza ulienea hasa baada ya mwaka 1848, gazeti moja la London lilipochapisha picha ya malkia Victoria na familia yake wakiuzunguka mti wao. Pango la Noeli, lile la kuonyesha Yesu alivyozaliwa horini, lina historia ndefu zaidi. Mwaka 1223, kijijini Greccio, Italia, Fransisko wa Asizi alitaka watu waone kwa macho umaskini aliozaliwa nao Yesu. Akaomba hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda. Basi. Nilipowasimulia watoto habari hiyo, wakakata boksi wakatengeneza hori, wakaweka nyasi, na hapo nikaona nyuso zao zimebadilika.

Kuna jambo jingine linalonigusa kila mwaka. Shada la Majilio, lile la mishumaa minne ya Jumapili nne kabla ya Krismasi, lilianzia kwenye nyumba ya watoto maskini karibu na Hamburg mwaka 1839. Mchungaji Johann Hinrich Wichern alichukua gurudumu kuukuu la mkokoteni, akaweka mishumaa mikubwa myeupe kwa Jumapili na midogo myekundu kwa siku za kati, ili watoto wahesabu wenyewe siku zilizobaki. Gurudumu kuukuu, ndugu zangu! Kwa hiyo asikudharau mtu kwa sababu umeanza na boksi.

Wakati huohuo nawasihi: msikope kwa ajili ya mapambo. Najua presha ya kuona nyumba za wengine kwenye simu. Najua pia Januari inavyokuja na ada na kodi ya nyumba, na deni la taa za kumetameta halisubiri. Mtoto hatakumbuka bei. Wangu wanakumbuka gundi iliyowakauka vidoleni.

Kuhusu mwanga, kuweni makini. Mshumaa ndani ya chupa ya kioo unapendeza, lakini uwe mbali na pazia, karatasi na matawi, hasa matawi yakishaanza kukauka, maana hushika moto kwa kasi ya kutisha. Usiuache ukiwaka chumba kikiwa hakina mtu. Ukiweza kununua kitu kimoja tu, nunua mkanda mmoja wa taa za LED. Hazipati joto kama zile za zamani na hula umeme kidogo. Zitundike kando ya kioo cha kujitazamia, zitaonekana maradufu. Sisi tulizinunua mwaka uliofuata, baada ya sikukuu kupita, bei iliposhuka.

Na dada uliyeniandikia, anza leo jioni. Chagua kona, isafishe, wape watoto mkasi na karatasi, nawe kaa nao. Sikukuu ikiisha usitupe nyota: zitenganishe na uzi, zilaze kwenye boksi pakavu, uziandike mwaka kwa nyuma. Taa zizungushie kipande cha kadibodi zisijisokote. Desemba ijayo utaanza na kitu mkononi, na hela kidogo utakayokuwa nayo itaongeza kimoja tu juu ya vilivyopo.