Aurangzeb: aliwaonea Wahindu au anasingiziwa?

SWALI: Salaam alaykum kaka mhariri. Mi nipo Muscat kikazi, naishi chumba kimoja na jamaa wawili wa Kihindu toka Maharashtra, wakisikia tu jina la Aurangzeb, yule mfalme Mwislamu wa dola ya Mughal aliyeitawala India zamani, wanawaka. Nimesoma alikuwa na majenerali Wahindu na mahekalu mengine aliyalinda, nikiwaambia hawataki kusikia. Nani mkweli hapa?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Ulichosoma ni kweli, na hasira zao pia zina msingi, usizidharau. Aurangzeb alitawala 1658 mpaka 1707, na Jai Singh aliyemwongozea jeshi dhidi ya Shivaji, shujaa wa Kihindu wa huko Maharashtra, alikuwa Mrajput, yaani wa koo za wapiganaji wa Kihindu, tena mwisho wa utawala wake wakubwa wa Kihindu serikalini walikuwa wengi kuliko enzi za baba yake Shah Jahan. 1659 alitoa amri makuhani wa Banaras, mji mtakatifu wa Wahindu, wasibughudhiwe. Lakini mji huohuo, 1669, hekalu la Vishwanath likavunjwa, na mpaka leo ukuta wa nyuma wa msikiti wa Gyanvapi uliojengwa hapo ni ukuta wa hekalu, nakshi zinaonekana, sasa Mhindu anayekuja kuabudu hapo jirani akauona kwa macho yake utamwambia anasingizia? 1679 karudisha jizya, kodi ya wasio Waislamu, ambayo mfalme Akbar, babu wa baba yake, alishaifuta zamani. Na hao wenzio wana lao zaidi, maana Sambhaji mtoto wa Shivaji aliteswa vibaya akauawa 1689 kwa amri ya Aurangzeb, kwao hiyo habari mtoto mdogo anaijua.

Wanaomtetea wanasema ilikuwa siasa, aliwapiga waasi. Ni kweli hata Waislamu hawakupona, Bijapur na Golconda zilikuwa dola za Kiislamu akazimeza 1686 na 1687, tena alimfunga baba yake huko Agra, akamuua kaka yake Dara. Ila mi naona hilo linaeleza tu kwa nini alifanya, halimsafishi. Kinachoniuma ni sisi Waislamu kumtetea mfalme kana kwamba tunaitetea dini, na upande wa pili watu kumlipizia kisasi Mwislamu wa leo, kama mji wa Nagpur huko Maharashtra, Machi 2025, ugomvi wa kutaka kaburi lake liondolewe Khuldabad ukazaa fujo mpaka watu wakazuiwa kutoka nje. Kaburi lenyewe juu ni udongo tu, halina paa.

Wewe ukirudi chumbani usianze na majenerali. Waulize habari za Sambhaji, wasikilize mpaka wamalize, ya Bijapur na Golconda uwape baada ya hapo.