Kuhama kutoka mafaili kwenda kwenye mfumo hospitalini: ondoa kazi kwanza, ndipo uongeze

Mkuu, nimesoma uzi wako na majibu ya wadau yote. Kwa wanaoingia sasa: ndugu yetu ni katibu wa afya kwenye hospitali ya wilaya, amekabidhiwa jukumu la kuhakikisha hospitali nzima inaachana na mafaili ya karatasi na kutumia mfumo wa kompyuta. Vifaa vipo, mafunzo yamefanyika, lakini wafanyakazi wanagoma kimya kimya. Mfumo unajazwa nusunusu, karatasi zinaendelea kama kawaida, na mganga mfawidhi anataka tarehe ya kufunga masjala. Wengi mmemshauri awape barua wanaokaidi.

Mimi nimekaa miaka mingi kwenye masjala na takwimu za hospitali, na zoezi hili nimelipitia kwenye hospitali ya taasisi ya dini, kisha kwenye hospitali ya umma. Ushauri wa barua siuafiki hata kidogo.

Muuguzi unayemwona mkaidi leo ndiye aliyeacha kumpa kondakta wa basi hela za mama kijijini akaanza kutuma kwa simu, na hakuna aliyemwita semina wala kumtishia. Alihama kwa sababu kazi ilipungua. Kwenye mfumo wako kazi imeongezeka. Anaandika kwenye faili, anaandika kwenye kitabu cha MTUHA (cha takwimu za huduma za afya zinazokwenda wizarani), anaandika kwenye daftari la zamu, na sasa anaingiza tena kwenye kompyuta. Wagonjwa ni wale wale na mikono ni ile ile miwili. Akiacha kimoja kati ya vinne, ataacha kile ambacho hakuna mtu atakayemgombeza kesho asubuhi kwa kutokijaza, na hicho ni mfumo.

Kwa hiyo kabla hujaandika barua yoyote, zunguka idara kwa idara ukiorodhesha kila kitabu, fomu na kipande cha karatasi kinachojazwa. Kwa kila kimoja uliza swali moja tu: nani anakisoma? Sisi tulikuta madaftari ambayo aliyeyaanzisha alishastaafu na hakuna aliyewahi kuyafungua tena, lakini kila zamu iliyajaza kwa uaminifu. Tulikuta fomu ya kuombea dawa kutoka famasia ikinakiliwa mara mbili kwa sababu zamani nakala moja ilikwenda kwa mhasibu, na mhasibu alishaanza kuchukua takwimu zake sehemu nyingine. Vitabu vya MTUHA huwezi kuvifuta, ni vya wizara, waambie watu hivyo waziwazi. Lakini vya ndani ni vyenu. Vinavyorudia kilichomo kwenye mfumo viondoe siku ile ile mfumo unapoanza kwenye idara husika. Usiseme mtaviondoa baadaye. Mtu anayefikisha mgonjwa wa arobaini saa nane mchana hafanyi kazi kwa ahadi.

Kuna mwanasaikolojia Kurt Lewin, Mjerumani wa asili ya Kiyahudi aliyehamia Marekani mwaka 1933 baada ya Hitler kushika madaraka. Yeye ndiye aliyenifanya nielewe kwa nini barua hazisaidii. Alisema hali yoyote ya kikundi inashikiliwa na nguvu za pande mbili, zinazosukuma na zinazozuia. Ukiongeza msukumo bila kugusa kizuizi, watu watasogea kidogo lakini mvutano utapanda, na siku ukigeuza mgongo wanarudi walipokuwa. Ukipunguza kizuizi, wanasogea na mvutano unashuka. Barua ni msukumo. Daftari lisilo na msomaji ni kizuizi.

Mawazo hayo yalipimwa kazini kabisa. Lester Coch na John French walichapisha mwaka 1948 matokeo ya jaribio kwenye kiwanda cha Harwood huko Marion, Virginia, kilichokuwa kikishona nguo za kulalia. Wafanyakazi walilipwa kwa idadi ya vipande, na kila walipobadilishiwa namna ya kufanya kazi, uzalishaji ulianguka na wengi waliacha. Wakawagawa kwa makundi. Kundi moja lilielezwa tu kwamba utaratibu umebadilika na viwango vipya ni hivi. Ndani ya siku 40 za mwanzo asilimia 17 ya kundi hilo walikuwa wameacha kazi. Makundi mengine yalishirikishwa kupanga utaratibu mpya na viwango vyake. Huko hakuna aliyeacha, na pale ambapo kila mfanyakazi alishiriki mwenyewe, si kupitia wawakilishi, walirudi kwenye kasi yao haraka kisha wakaipita. Kiwanda ni kile kile na mabadiliko yalikuwa ya ukubwa unaokaribiana. Tofauti ilikuwa nani ameshika kalamu wakati wa kupanga.

Sasa suala la hasara, ambalo wadau wengi mmeliruka. Kazi ikibadilika, kuna mtu anapoteza kitu, na si lazima akitaje kikaoni. Pale kwetu kulikuwa na mzee wa masjala ambaye mgonjwa akifika dirishani na kutaja jina na kijiji, yeye alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya nyuma na kurudi na faili. Madaktari walimtegemea. Hakuna aliyempita kwa hilo, na alikuwa akisalimiwa kwa heshima na kila mtu kuanzia mlinzi hadi mganga mfawidhi. Mfumo ulipokuja, vijana wa mafunzo kwa vitendo ndio waliogeuka wataalamu, yeye akabaki anasimama kando akiangalia skrini. Alianza kusema mfumo unapoteza wagonjwa. Wenzake wakasema huyo mzee anaogopa kompyuta.

Lakini alichosema kilikuwa kweli! Mgonjwa mmoja alikuwa amesajiliwa mara tatu: Zuhura, Zuhra, na Zuhura kwa jina la mume. Vipimo vya sukari viko kwenye namba moja, historia ya upasuaji kwenye nyingine. Kijana wa kompyuta hawezi kujua kuwa hao watatu ni mama mmoja anayeuza mbogamboga karibu na stendi. Mzee alijua. Mganga mfawidhi akamkabidhi rasmi kazi ya kuunganisha majina yaliyojirudia, kwa maandishi, na kijana mmoja akae pembeni yake kwenye kibodi. Baada ya hapo huyo mzee ndiye aliyewagombeza watu wa mapokezi kwa kusajili bila kuuliza namba ya simu na jina la balozi wa nyumba kumi. Kila hospitali ina mtu wa namna hiyo. Mtafute kabla hajakata tamaa, na usimtafutie kazi ya kumbembeleza, mtafutie kazi ambayo mfumo unamhitaji kweli.

Zipo pia hasara ambazo huna sababu ya kuzifidia. Mfumo unaonyesha nani amepokea malipo, saa ngapi, na dawa gani imetoka bila stakabadhi. Wapo watakaopinga kwa sababu hiyo na watatumia lugha ya kutetea wagonjwa. Hao utawatambua kwa kuwa hata ukiwapunguzia kazi hawabadiliki. Hapo ndipo taratibu za nidhamu zina mahali pake. Ila usianze na hao, kwa sababu ukianza na hao utawasukuma waaminifu wakae upande wao.

Suala jingine: angalia kompyuta imewekwa wapi. Wodini kwetu iliwekwa ofisi ya muuguzi mfawidhi, mwisho wa korido, kwa usalama. Muuguzi wa zamu ya usiku alipima presha na joto la wagonjwa wote, akaandika kwenye kipande cha boksi la glovu, kisha alfajiri akaketi kuingiza vyote kwa mkupuo, vyote vikisomeka vimepimwa saa kumi na moja na nusu. Daktari akisoma haelewi mgonjwa alibadilika lini. Kikaoni ililetwa kama tatizo la uzembe. Kompyuta ilipohamishiwa kwenye meza katikati ya wodi, ikafungwa kwa mnyororo, nyakati zikaanza kuwa za kweli. Kwa hiyo ukiona karatasi imebandikwa ukutani au imefichwa mfukoni, usiichane. Muulize mwenyewe kwa nini anaihitaji, atakuonyesha mahali mfumo unapomkwamisha. Maneno ya siri yanayotumiwa na watu watano ni hivyo hivyo: mara nyingi kuingia kunachukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Hilo lishughulikie mapema, kwani taarifa za wagonjwa sasa zina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Mafunzo ya ukumbini kwa siku moja, yenye projekta na posho, sitayasema sana. Watu wanasahau. Anayefundisha akae na mtu pale pale anapofanyia kazi, saa ambazo foleni imepungua. Na vinara wa idara, yaani wale watakaowaongoza wenzao kwenye mfumo, usiwachague kwa ujuzi wa kompyuta. Chagua yule ambaye wenzake wanamwendea wakikwama, hata kama anachapa kwa kidole kimoja.

Umeme ukikatika itakuwaje? Kama hakuna jibu lililoandikwa, siku ya kwanza umeme ukikatika karatasi zinarudi na hazitoki tena. Sisi tuliweka fomu fupi za dharura kwenye bahasha kila idara, na ikaandikwa nani anaziingiza na kabla ya zamu gani kuisha.

Kuhusu maabara uliyoitaja, kwamba wanatoa majibu kwenye mfumo na kwenye karatasi pia: hilo si kosa lao. Daktari ndiye anayedai karatasi. Kwetu liliisha pale mganga mfawidhi mwenyewe, kwenye chumba chake cha kuonea wagonjwa, alipoanza kufungua majibu kwenye skrini na kurudisha karatasi maabara. Bosi anayeagiza mfumo lakini anaandika kwenye faili anawaambia watu wote waandike kwenye faili.

Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilipoanza mpango wa 5S (utaratibu wa Kijapani wa kupanga mahali pa kazi) mwaka 2007 kwa ushirikiano na JICA, shirika la maendeleo la Japani, baada ya mfano wa hospitali ya wanawake ya Castle Street kule Colombo, hatua tano zilikuwa sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Angalia kinachotangulia: kutoa visivyohitajika. Wengi tulikariri zile hatua tano kwa ajili ya wakaguzi, lakini ile ya kwanza peke yake ingetuokoa na mengi kwenye mifumo.

Kama kuna mpango wa kupunguza watu wa masjala, usilifiche hata kwa wiki moja. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa, aeleze sababu na afanye mashauriano. Kama hospitali yenu ni ya serikali, pitia pia taratibu za utumishi wa umma. Kaa na viongozi wa TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, kabla ya kikao cha wote. Na kama hakuna atakayepunguzwa, mganga mfawidhi aliseme hilo mbele ya watu na liandikwe kwenye muhtasari, kwa sababu nina hakika tayari linajadiliwa kwenye chai.

Mwisho, hiyo tarehe anayoitaka. Usimpe tarehe moja ya hospitali nzima. Mpe idara moja, ambayo vitabu vyake vya ndani vimeshaondolewa, kompyuta iko mahali pa kazi na kinara yupo. Mimi ningeanza na kliniki ya kisukari na shinikizo la damu: wagonjwa ni wale wale kila mwezi, siku zinajulikana, na faida ya kuona vipimo vya nyuma inaonekana mapema. Mwambie pia kabla hamjaanza kwamba wiki za mwanzo foleni itakuwa ndefu, na akubali kupunguza idadi ya wagonjwa wa miadi kwa muda huo. Asipokubali hilo, usianze.

Weka hapa orodha ya vitabu vya wodi moja tu, bila jina la hospitali, tuipitie pamoja.