Kwa mnaoanza kusoma wafalme waliomfuata Alexander Mkuu, mfalme wa Makedonia

Msianzie kwenye vita. Chukua karatasi uchore ukoo, na majina ya mama uyaandike kwanza. Majina ya wanaume yatakuchosha kwa kujirudia, Ptolemy mwana wa Ptolemy, lakini wafalme hawa walioa wake wengi, na mara nyingi ugomvi wa kiti ulikuwa wa watoto wa wake wenza.

Kisha kaa na swali hili. Alexander alifia Babeli mwaka 323 KK. Damu yake ilikuwepo: Arrhidaeus, ndugu yake kwa baba, na mtoto aliyekuwa bado tumboni mwa Roxane. Wote wawili walitawazwa, na wote wawili wakauawa. Mbona majenerali walingoja hadi mwaka 306 KK ndipo wakaanza kujiita wafalme? Kwa sababu mwaka huo Demetrius alikuwa amelivunja jeshi la majini la Ptolemy, jenerali aliyeshika Misri, huko Salamis ya Cyprus. Baba yake, jenerali Antigonus, akafungwa utepe wa kifalme kichwani, akampelekea mwanawe naye utepe wake. Haikupita miaka mingi Ptolemy, Seleucus (jenerali aliyeshika Babeli na mashariki) na wenzao nao wakavaa.

Wageni wengi wa somo hili huandika kwamba ufalme ulitokana na haiba ya mshindi, wakaishia hapo. Mimi naona hapo ndipo kazi inapoanza, maana baba hawezi kumwachia mtoto ushindi. Angalia walichofanya wakiwa hai. Seleucus alimfanya mwanawe Antiochus mfalme mwenza na kumpa majimbo ya mashariki. Ptolemy alimshirikisha mwana wa mkewe Berenice mwaka 285 KK, akamruka mwanawe mkubwa, Keraunos, mwana wa mke mwingine, Eurydice. Keraunos hakukubali kukaa bure: alimuua Seleucus mwaka 281 KK, akatwaa Makedonia, kisha Wagalia, watu wa Kikelti waliovamia kutoka kaskazini, wakamuua.

Sarafu pia msizipite. Lysimachus, jenerali mwingine aliyejifanya mfalme, asiye na tone la damu ya Alexander, alichapa kichwa cha Alexander chenye pembe za kondoo dume za mungu Amoni. (Mimi hujifunza zaidi kwenye sarafu hiyo kuliko kwenye kurasa nyingi za mapigano.)

Mkitaka mfano mmoja wa kuandikia insha, mchukueni Antigonus Gonatas, mwana wa Demetrius. Jina la kifalme alikuwa nalo, Makedonia hakuwa nayo. Aliipata baada ya kuwapiga Wagalia karibu na Lysimacheia mwaka 277 KK, na uzao wake ukaitawala hadi Warumi walipomshinda Perseus huko Pydna, mwaka 168 KK.