Kwa anayempeleka mkewe kula kamba mawe Jumamosi: "bei ya soko" si bei

Usiagize kamba mawe kabla hajapimwa mbele ya macho yako na bei yake kutajwa kwa shilingi. Umeandika kwamba mhudumu wa mkahawa alikuambia kwa simu kuwa anauzwa kwa "bei ya soko" na kwamba usiwe na wasiwasi, nawe ukaridhika, kisha ukatuuliza kuhusu meza, mavazi, maua na saa ya kuondoka Likoni. Ndugu yangu, umeuliza kila kitu isipokuwa kile kitakachokutoa jasho.

Mimi niliambiwa maneno hayo hayo mwaka juzi, katika mkahawa mmoja ulio ng'ambo ya Daraja la Nyali, Mombasa, ambao siutaji jina kwa kuwa mke wangu bado anaupenda. Tulikuwa tunatimiza miaka saba ya ndoa, nami nilikuwa na shilingi 9,000 na nikijiona tajiri. Mhudumu alileta sinia la barafu lenye kamba mawe wawili, sharubu zao zikining'inia nje na maji yakichuruzika juu ya kitambaa cha meza, akamgeukia mke wangu, wala si mimi, akamuuliza, "Mama atapenda yupi?" Mama alimpenda mkubwa. Nani angempenda mdogo? Menyu ilikuwa imeandika bei ya kila kitu, hata ya ndimu ya ziada, ila mbele ya kamba mawe palikuwa na maneno matatu tu, hayo uliyoambiwa wewe.

Kumbe aliuzwa kwa kilo, akiwa mbichi, pamoja na gamba na kichwa chake, na sina hakika kama barafu haikupimwa naye. Alikuwa na kilo 1.8, na kila kilo ilikuwa shilingi 5,200, kwa hiyo yeye peke yake alikuwa shilingi 9,360. Nyama tuliyoikuta haikufika nusu ya uzito huo, kwani kamba mawe wa bahari yetu hana magando makubwa. Cha kuliwa karibu chote kiko mkiani, na kile kichwa kizito nilikilipia ili kinitazame nikila. Ongeza kaa wa tangawizi 2,400, wali wa nazi na mboga 900, na maji ya matunda 740, jumla 13,400. Chini yake wakaweka kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, na ushuru wa utalii, asilimia 2, ikawa 15,812. Niliisoma bili ile mara tatu, kana kwamba tarakimu zingeona haya zikapungua.

Hasira yangu kubwa, hata hivyo, si kwa mhudumu, ambaye alikuwa kazini kwake. Ni kwa binamu yangu, bwana anayejifanya mjuzi wa mapenzi, aliyenionya nisithubutu kuuliza bei mbele ya mke nisije nikaonekana bahili. Yeye mwenyewe hajawahi kumpeleka mkewe mbali zaidi ya mihogo ya kukaanga ya pale ufukweni Mama Ngina! Nilipompigia kutoka msalani ili anikopeshe, simu yake ilikuwa imezimwa.

Shilingi 6,812 zilizosalia alizilipa mke wangu. Alitoa simu mkobani, akaingiza namba ya siri ya M-Pesa taratibu, tarakimu moja baada ya nyingine, bila kusema neno. Nauli ya matatu alilipa yeye pia, na kama feri ya Likoni ingewatoza watu wa miguu, basi hata kuvuka ningevushwa naye. Jamaa husema sijui hesabu. Naijua sana, nilikosa tu cha kuhesabu.

Kwa hiyo sinia likija, mwambie mhudumu kwa upole akupukutie barafu, ampime hapo ulipo, akutajie bei ya kilo na jumla yake pamoja na kodi, kabla kamba hajaenda jikoni, kwa sababu akishawekwa motoni huna hoja tena. Ukiona haya mbele ya shemeji, inuka kana kwamba unakwenda kunawa mikono, uyamalize hayo huko kaunta. Asubuhi pita soko la samaki la Mji wa Kale uulize kilo ni pesa ngapi, ili soko wanalolitaja nawe uwe unalijua. Mkahawa utaweka faida yake, na ni haki yake, lakini utatambua faida inapogeuka kuwa unyang'anyi. Kumbuka pia kwamba upepo wa kusi ukichachamaa vyombo vidogo vya uvuvi huwa haviendi mbali, kamba mawe huadimika, na huyo wa sinia huenda ametoka kwenye friza. Basi uliza amevuliwa lini.

Meza chukua ya nje, upepo ukiruhusu. Lakini kwanza mpigie mhudumu yule leo hii, umuulize kilo moja ni shilingi ngapi, na akikurudishia "bei ya soko", mwambie akuwekee samaki changu wa kupaka, ambaye bei yake imeandikwa.