Pwani ya kaskazini ya Uskoti bila kukimbizana na ramani

Mara ya kwanza tulipokwenda pwani ya kaskazini ya Uskoti tulilala hoteli tano kwa siku tano. Zote zilikuwa nzuri, na hakuna hata moja ninayoikumbuka sawasawa. Ninachokumbuka ni mume wangu kakodoa macho barabarani, mimi na ramani mapajani, na usiku ule tulipofika saa tatu na robo tukaambiwa jiko limefungwa tangu saa mbili na nusu. Chumba kina beseni la kuogea la shaba na dirisha linalotazama bahari, halafu chakula cha jioni ni biskuti za kwenye trei ya chai. Kwa bei ile!

Kosa lilikuwa letu, kosa la hesabu. Mzunguko wa barabara unaoitwa North Coast 500, ulioanza kutangazwa kwa watalii mwaka 2015, huanzia na kuishia mji wa Inverness: maili 516, yaani kama kilomita 830. Ukiisoma namba hiyo ukiwa na barabara kuu kichwani, utasema siku nne zinatosha na chenji inabaki. Lakini magharibi na kaskazini, sehemu kubwa ni lami nyembamba ya upana wa gari moja, yenye vijisehemu vya kupishana. Kijisehemu kikiwa kushoto kwako unaingia. Kikiwa kulia unasimama mkabala nacho, mwenzako anakizunguka. Aliye nyuma yako ana haraka? Jibanze, mpishe. Na usiegeshe hapo kupiga picha, hata kama mandhari yanakutoa machozi. Ongeza kondoo waliolala barabarani, ongeza kusimama kila baada ya kona mbili kushangaa, na kilomita 40 zitakumeza asubuhi nzima.

Safari ya pili tukachukua siku tisa na vituo vitatu tu, usiku tatu kila kimoja: Torridon kwa ajili ya milima, Lochinver kwa ajili ya fukwe, na Dornoch upande wa mashariki, ambako barabara ni pana na mtu anaweza kupumua. Hapo ndipo nilipoelewa pesa ya anasa inanunua nini huku. Inanunua chumba unachokirudia ukiwa umelowa, moto unaowaka sebuleni, na meza ya chakula umbali wa ngazi moja. Tafuta hoteli zinazouza usiku, chakula cha jioni na kifungua kinywa kwa bei moja. Jirani mara nyingi hakuna mgahawa wa kukimbilia, na giza likiingia hutataka kurudi barabarani. Kabla hujalipa, uliza kwa maandishi: jiko linafungwa saa ngapi, na chumba changu kinatazama bahari au maegesho? Neno “karibu na bahari” nimeshalilipia, nikaamka nikitazama mapipa ya taka.

Kuna jambo la wiski. Mume wangu alipanga viwanda viwili kwa siku moja, nami ni dereva mwoga. Tangu Desemba 2014, kiwango cha pombe anachoruhusiwa dereva Uskoti ni cha chini kuliko cha Uingereza yenyewe (England), kwa hiyo hata glasi moja si ya kuchezea. Tulichofanya ni kukodi dereva kwa siku hiyo moja. Kati ya fedha zote tulizotumia, hiyo ndiyo iliyoleta amani ya nyumba.

Gari lenyewe, chukua dogo, na kama hujazoea gia za mkono, omba otomatiki mapema, kwa sababu si lazima ulikute. Mgeni anaruhusiwa kuendesha kwa leseni ya kwao hadi miezi 12. Nasisitiza udogo kwa sababu ya Bealach na Bà, njia ya kwenda Applecross inayopanda kutoka usawa wa bahari hadi mita 626, kwa kona zinazojikunja kama utumbo. Kibao chini ya mlima kinawaonya wenye magari makubwa, wanaokokota karavani na madereva wanaojifunza. Ukiogopa, ipo barabara ya kuzunguka pwani kupitia Shieldaig. Ndefu zaidi, na hakuna atakayekucheka.

Wakati wa kwenda, mimi nasema Mei au Septemba. Juni mwanga ni wa ajabu, jua linazama baada ya saa nne usiku, ila Juni hadi Agosti ni msimu wa usubi, vidudu unavyoweza kuvidharau mpaka viingie masikioni. Upepo ukivuma haviruki. Siku tulivu ndiyo ya kuogopa. Hoteli nyingi hufunga majira ya baridi, kwa hiyo usishawishike na nauli nafuu ya Januari.

Viza nayo ina mtego. Maombi ya viza ya kutembelea Uingereza hayapokelewi mapema zaidi ya miezi 3 kabla ya safari, ilhali vyumba vizuri huku vimekwisha zamani kabla ya hapo. Weka nafasi mapema, lakini kwa masharti ya kurudishiwa pesa, hata ikibidi kulipa zaidi kidogo.

Kufika Inverness, nilipenda treni ya usiku kutoka kituo cha Euston, London. Chukua chumba chenye bafu lake. Unalala mjini, unaamka kulungu wako dirishani.

Mwisho ni mavazi. Ufuko wa Sandwood, uliotupendeza kuliko yote, haufikiki kwa gari: ni mwendo wa zaidi ya kilomita 6 kwa mguu kutoka Blairmore, na kurudi vilevile. Viatu vya kupandia milima, koti la mvua la kweli, na hoteli ikufungie chakula. Mwavuli uache. Wangu uliishia Dunnet Head, ncha halisi ya kaskazini kabisa ya kisiwa kikuu cha Britania, wakati watu wengine wote wako John o' Groats, kijiji ambacho wengi hudhani ndiyo ncha hiyo, wakipigana picha.