Nisiye raia, je, nina mwakilishi kwenye bunge la jimbo?

SWALI: Mwalimu, hujambo. Mimi ni mama kutoka Kisii, naishi Brooklyn Park, Minnesota, tangu 2019. Kadi ya kijani, yaani kibali cha kuishi hapa daima, niliipata 2023. Wenzangu kanisani wananiambia sisi tuko eneo bunge la 38A na mwakilishi wetu ni Mkenya mwenzetu, lakini shemeji yangu anayeishi mji huuhuu ana karatasi iliyoandikwa 34B. Hizi namba na herufi hukatwa na nani? Na mimi nisiyeruhusiwa kupiga kura, nina mbunge kweli au yule ni wa raia peke yao? Ombi langu la leseni ya uuguzi limekwama miezi mingi, na nataka kujua kama nina haki ya kubisha mlangoni kwake.

JIBU: Hatujambo, mama. Nianzie mwisho wa swali lako, maana naona ndipo panapokuuma. Unaye mwakilishi, na hakuna aliyekufanyia hisani. Eneo bunge unaloishi lilikatwa kwa kuhesabu vichwa, na chako kimo.

Sensa ya 2020 ilihesabu kila mtu aliyekuwa akiishi Minnesota: raia na asiye raia, mtoto mchanga, mgonjwa aliyelala hospitalini. Walipatikana watu 5,706,494. Seneti ya jimbo ina viti 67, kwa hiyo kila eneo la seneta linapaswa kuwa na watu kama 85,172. Eneo hilo kisha hukatwa vipande viwili, A na B, kila kimoja kikiwa na watu kama 42,586, na kila kipande humchagua mwakilishi mmoja. Ndiyo maana Baraza la Wawakilishi lina viti 134. Kwa hiyo namba 38 ni ya seneta, na herufi A ni ya mwakilishi. Seneta wako ni Susan Pha, aliyechaguliwa 2022. Mwakilishi wa 38A ni Huldah Hiltsley, aliyezaliwa Kenya na kuchaguliwa Novemba 2024. Kanisani wamekwambia kweli.

Sasa shemeji yako. Brooklyn Park ina watu zaidi ya 86,000, nawe umeona eneo la mwakilishi mmoja hubeba wangapi. Mji huo hauwezi kuingia ndani ya eneo moja hata ukiusukuma, na mistari ya eneo bunge haiheshimu mipaka ya miji kuliko hesabu ya watu. Upande wake umeunganishwa na miji jirani ya Champlin na Coon Rapids. Na 34B ni namba ambayo watu wa huko hawawezi kuitamka bila huzuni. Melissa Hortman, aliyekuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi kabla ya 2025, alikuwa mwakilishi wao. Aliuawa nyumbani kwake Brooklyn Park pamoja na mumewe tarehe 14 Juni 2025, usiku uleule ambao John Hoffman, seneta wa eneo la 34, na mkewe walipigwa risasi wakapona. Mji haukubaki bila mtu wa kuusemea, kwa kuwa kiti kikiwa wazi huitishwa uchaguzi mdogo. Ulifanyika Septemba 2025, na Xp Lee akachaguliwa.

Nani hukata? Kwa sheria kazi hiyo ni ya bunge lenyewe kila baada ya sensa, gavana akitia sahihi. Lakini vyama huwa havielewani, na kwa miongo mingi ramani za Minnesota zimeishia mahakamani. Hizi za sasa zilitolewa na jopo la majaji watano tarehe 15 Februari 2022. Wewe uliyetoka Kenya umezoea IEBC, tume ya uchaguzi, na maeneo bunge 290, ambapo Katiba inaruhusu idadi ya watu kupishana na wastani hadi asilimia 40 mijini na kwenye maeneo yenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Huku mwanya ni mdogo kuliko huo, na sababu yake ni kesi ya 1964.

Kesi hiyo ilitoka Alabama. Kaunti ya Jefferson, yenye watu zaidi ya 600,000, ilikuwa na seneta mmoja wa jimbo. Kaunti ya Lowndes, yenye watu 15,417, nayo ilikuwa na seneta mmoja. Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema hapana, viti vya bunge la jimbo vigawanywe kwa idadi ya watu, wala si kwa ukubwa wa ardhi. Wengi huishia hapo wanapoisimulia. Kwa mtu aliye katika hali yako, kesi ya kuijua zaidi ni ya 2016, Evenwel dhidi ya Abbott. Wapiga kura wa Texas walidai kuwa wasio raia na watoto wasihesabiwe, wahesabiwe wenye kura tu. Majaji wote wanane wakawakatalia. Jaji Ginsburg aliandika kwamba mwakilishi anawatumikia wakazi wote, wakiwemo wasio na kura, kwa sababu nao wana shida na serikali na wana watoto shuleni. Nikueleze na upande wa pili: mahakama haikuamua kama jimbo likipenda linaweza kuhesabu wapiga kura peke yao. Hilo liliachwa wazi, na wapo wanaolitamani. Ndiyo maana huwasihi watu wetu wasijifiche karani wa sensa anapobisha hodi. Nyumba isiyohesabiwa inapunguza uzito wa mtaa mzima kwa miaka kumi.

Uzito huo si wa maneno. Uchaguzi wa Novemba 2024 uliwapa vyama viwili vikubwa viti 67 kwa 67 katika Baraza la Wawakilishi. Kule Shakopee, eneo la 54A, mshindi alipita kwa kura 15 baada ya kuhesabiwa upya, na kura 20 zilikuwa zimepotea. Kesi ikaenda hadi kwa jaji, ambaye aliyaacha matokeo yalivyo. Katika 40B, mahakama ilimwondoa mshindi kwa kuwa hakuwa ameishi ndani ya eneo miezi sita kabla ya uchaguzi kama Katiba ya jimbo inavyotaka. Kiti hicho kikiwa wazi vyama havikulingana tena, na Baraza likakwama wiki kadhaa, hata baada ya Mahakama ya Juu ya jimbo kutamka kuwa akidi, yaani idadi ya chini ya kuendesha kikao, ni wajumbe 68.

Kuhusu kura yenyewe naomba unisikilize vizuri. Kadi ya kijani haikupi kura katika uchaguzi wa jimbo wala wa taifa. Ukienda kwenye leseni ya gari ukaletewa fomu ya kujiandikisha, usitie sahihi, hata karani akikuhimiza. Nimefundisha masomo ya uraia na nimeona maombi ya watu yakiharibika kwa kisanduku kimoja kilichowekwa alama kwa kutoelewa. Mtu anaweza hata kufukuzwa nchini. Subiri miaka yako mitano itimie 2028, uombe uraia, ndipo ujiandikishe.

Lakini kubisha mlangoni hakuhitaji kura. Bodi ya wauguzi ni chombo cha jimbo, kwa hiyo ni kazi ya mwakilishi wa jimbo kukuulizia. Kama shida ingekuwa ya uhamiaji ningekutuma kwa mbunge wa Kongresi, maana uhamiaji ni wa serikali ya taifa. Na usimwendee kama unavyomwendea mbunge nyumbani: hana mfuko wa maendeleo ya eneo bunge kama NG-CDF ya Kenya, hawezi kukupa basari ya mtoto, wala hawezi kuiamuru bodi ikupe leseni. Anachoweza ni kuuliza faili liko wapi na linasubiri karatasi gani, na bodi humjibu haraka kuliko inavyotujibu sisi.

Andika barua pepe ya aya mbili. Anza na anwani ya nyumba yako kamili, kwa sababu msaidizi wake hutazama kwanza kama uko ndani ya 38A. Kisha taja namba ya ombi, tarehe uliyolituma, na jibu la mwisho ulilopewa. Hulazimiki kueleza kama wewe ni raia. Wiki mbili zikipita kimya, piga simu ofisini kwa seneta wa 38 kwa jambo hilohilo. Naye ni wako.